Maharagwe Yasiyosikia Hodi

Jumapili, 1 Septemba

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: mama yangu hawezi kuisoma. Kigujarati anasoma, Kiingereza anasoma, hata risiti iliyokunjwa mfukoni mwa mtu anaisoma. Kiswahili anakisema na majirani kutwa nzima, tena kwa sauti, lakini akikiona kwenye karatasi anadai macho yanamuuma. Kwa hiyo hapa niko salama.

Leo tumepanda. Shamba ni la Mama Momanyi, yaani Gesare, mjane wa huko Nyamira. Amekuwa akinunua mbegu kwetu tangu nilipokuwa nasimama juu ya kreti ya soda ili nifikie kaunta ya baba. Kipande alichonipa kiko kando ya njia ya kwenda kituo cha kununulia chai. Nilikichagua kwa sababu udongo wake umechoka kabisa, mahindi juu ya mahindi miaka nenda miaka rudi. Yeye alidhani nimekosea.

"Ekita," akasema. Hajawahi kulitamka jina langu bila kuliongezea hiyo i, nami siku hizi nikiitwa Ekta naona kama limepungukiwa. "Kuna ile shamba ya karibu na ng'ombe, iko na rutuba. Mbona unachukua hii maskini?"

Nikamwambia naitaka hiyohiyo maskini. Akanitazama kama baba anavyomtazama mteja anayechagua mfuko uliotoboka.

Niandike mambo yenyewe, ili nikizeeka nikumbuke nilikuwa nahangaikia nini. Udongoni kuna bakteria. Wanaufikia mzizi wa mharagwe na kuubishia hodi kwa kemikali yao. Mzizi ukisikia unawafungulia, unawajengea vinundu, vyumba vidogo vya mviringo, na humo wanatengeneza naitrojeni kutoka hewani. Mharagwe unakula naitrojeni, wao wanalipwa sukari. Ni wapangaji na mwenye nyumba, ila hawa hawagombani. Sasa upo mharagwe mmoja wa maabara ambao jeni yake moja imeharibika. Hausikii hodi. Bakteria wanabisha wee hadi wanachoka, hakuna kinundu hata kimoja, na mche unakuwa wa njano kwa njaa.

Mwaka jana, juu ya paa la nyumba yetu mjini Kisii, nilichukua chavua ya mharagwe huo kiziwi nikaiweka kwenye maua ya mharagwe wa Mama Momanyi, ule mwekundu wa madoa. Watoto wote walitoka na vinundu. Leo nimepanda wajukuu. Hesabu yangu ikiwa sawa, karibu robo yao watakuwa viziwi kama babu yao. Hao ndio ninaowataka. Nikipata mbegu zao, Dkt. Anyona, msimamizi wangu, ataweza kuifuatilia hiyo jeni ilipo, nami nitahitimu. Nisipozipata, basi tena. Chuo kimeshaniongezea muda na kimesema hakitaongeza tena, na panya wa ghala letu walikula mbegu nyingine zote. Zilizobaki ziko ardhini kuanzia leo.

Mpango ni huu. Kwanza viziwi wawe njano, wajitambulishe. Halafu nimfunge kila mmoja uzi mwekundu. Halafu ndipo niwape mbolea kidogo ili wazae. Wakilishwa kabla ya uzi, shamba zima litakuwa kijani na sitajua nani ni nani.

Mama Momanyi sikumweleza haya yote. Nilimwambia tu asitie mbolea yoyote. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na haraka.


Jumapili, 8 Septemba

Yameota. Mama Momanyi anasema ameyasalimia kwa niaba yangu kila asubuhi.


Jumapili, 15 Septemba

Mvua imenikuta shambani, nikakimbilia jikoni kwa Mama Momanyi. Alikuwa amepika chinsaga, ile mboga yao ya majani machungu, na ugali wa wimbi. Nikaanza hotuba yangu ya kawaida, kwamba sisi kwetu hatuli nyama, na kama chungu kimepikiwa nyama naomba radhi. Hakuniacha nimalize. Akanionyesha sufuria ndogo iliyotundikwa peke yake ukutani.

"Hii ni yako," akasema. "Nilinunua ukianza kuja. Nyama haijaingia hapo hata siku moja."

Nilikula hadi nikaona haya. Mvua ilinyesha mpaka jioni na hatukuongea mambo ya maana hata kidogo. Nimepata kula kwenye hoteli kubwa Nairobi ambako hawakunijali namna hiyo.


Jumamosi, 21 Septemba

Nimempigia Mama Momanyi nimuulize kuhusu wadudu. Simu imezimwa. Nimekumbuka ni Sabato, yuko kanisani. Wadudu wangoje kesho kama mimi.


Jumapili, 29 Septemba

Njano! Imeanza! Mmoja hapa, mmoja kule, katikati ya wenzao wa kijani, majani ya chini kwanza. Nilikuwa natembea kwenye mistari nikicheka peke yangu. Hesabu ya haraka inakaribia robo. Nitawapa wiki moja wapauke vizuri, nisije nikamfunga uzi asiyestahili. Jumapili ijayo nitakuja na uzi.

Mama Momanyi hakucheka. Jirani yake Mokua alikuwa anapita na kikapu cha chai mgongoni, akasimama njiani.

"Gesare, hiyo maharagwe yako imepatwa na nini? Ni kama imelala njaa."

"Ni ya huyu msichana," akajibu.

"Lakini shamba ni yako," Mokua akasema, akaenda zake.

Niliona uso wa Mama Momanyi. Watu wote wa kilima hiki hupita hapo wakipeleka chai, na shamba la mtu huku ni kama nguo yake ya kanisani. Alinifuata hadi mwisho wa mstari.

"Ekita, niipatie kidogo tu. Niko na mbolea ya chai kwa nyumba."

"Hapana, mama. Hata kidogo."

"Hata ya kuonja?"

"Hata ya kuonja."

Nilicheka nikisema hivyo. Yeye aliinama, akafuta tope kwenye jani moja la njano kwa kidole gumba, kama anampangusa mtoto pua.


Jumatano, 2 Oktoba

Baba ameanguka dukani. Moyo.


Ijumaa, 4 Oktoba

Anapumua kwa mashine. Mama amekaa kando ya kitanda na hataki kutoka hata kwenda kuoga. Duka nimefungua mimi kwa sababu baba alipozinduka kidogo, neno la kwanza lilikuwa je, limefunguliwa. Wateja wanauliza habari zake kabla ya kuuliza bei. Nalia ghalani, kati ya magunia, halafu natoka kuuza.


Jumapili, 6 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya uzi. Rili yenyewe iko kwenye mkoba wangu, nimeiona nikitafuta kadi ya hospitali. Sikwenda.


Jumatano, 9 Oktoba

Mama Momanyi amepiga simu mara nyingi na nimeshindwa kushika. Leo nimeshika nikiwa kwenye ujia wa hospitali, daktari akiwa anatoka.

"Ekita, maharagwe yako inaumwa. Hiyo ya njano inaangusha majani. Na mvua hii ni ya kuua, inaosha kila kitu."

"Iache tu, mama. Usiguse."

"Itakufa."

"Mama, nimesema usiguse. Tafadhali."

Nikakata. Sikumwambia kwamba baba ni mgonjwa. Sikujua nianzie wapi, na daktari alikuwa ameshaanza kuongea.


Jumamosi, 12 Oktoba

Mashine imeondolewa. Baba ameomba chai, tukamnyima, akakasirika, sote tukafurahi kwamba amekasirika.


Jumatatu, 14 Oktoba

Jana nilipokuwa nimelala nyumbani, mama anasema mwanamke mmoja alikuja wodini na chupa ya chai iliyojaa uji wa wimbi. Alisimama mlangoni mwa wodi akasema pole, akamkabidhi, akaondoka. Mama hakushika jina. Baba alipewa kijiko kimoja na akataka kikombe. Tumesema ni mteja fulani. Chupa ni ya bluu, ina ufa kwenye mfuniko.


Alhamisi, 17 Oktoba

Baba yuko nyumbani. Anapanda ngazi moja moja na kulalamika kila ngazi. Jumapili nakwenda shambani. Naomba tu wawe bado wa njano.


Jumapili, 20 Oktoba

Sijui niandikeje.

Nilishuka kwenye pikipiki ya Mose kule juu barabarani, na kabla sijalipa nikaona. Kijani. Shamba lote kijani, zuri, lenye maua meupe, la kupigwa picha. Nilitembea mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuona wa njano hata mmoja. Na chini ya miche mingine, kwenye shina, kulikuwa na jani kavu la mgomba limelazwa kwa uangalifu. Nikalifunua moja. Udongo chini yake ulikuwa bado na punje za mbolea ya chai ambazo hazijayeyuka.

Nikaanza kuyafunua hayo majani na kuyatupa. Mche hadi mche, mstari hadi mstari, naling'oa jani na kulirusha kwenye migomba. Sijui nilidhani nitapata nini. Nadhani nilitaka tu kuharibu kitu chake.

Mama Momanyi akatoka nyumbani kwake akichechemea kwa goti lake bovu, amejifunga leso, anatabasamu. Alikuwa anakuja kunisalimia.

"Bwakire, Ekita. Umeona vile imeamka?"

"Nilikuambia usiguse!"

Akasimama.

"Zilikuwa na njaa," akasema. "Mimi napita hapo kila siku. Singeweza kupita tu."

"Umeniharibia masomo yangu. Umeniharibia kila kitu, mama! Nilisema usiguse. Hata mtoto mdogo anaelewa neno usiguse!"

Hilo ndilo nililomwambia. Mwanamke mwenye umri wa kuwa nyanya yangu, kwenye shamba lake mwenyewe, Mokua na watu wengine wawili wakiwa wamesimama njiani na vikapu vyao.

Hakujibu kwa hasira. Afadhali angejibu kwa hasira. Alisema tu, "Sawa," akafunga leso vizuri, akarudi nyumbani, akaufunga mlango. Nikabaki na tope mikononi. Mose alinirudisha mjini bila kuniuliza kitu, na yeye ni mtu wa maswali.


Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Dkt. Anyona nimwambie kwamba mbegu zangu zimepotea, na mwanafunzi wake pia amepotea. Alikuwa nyumbani kwake Kiogoro, nasikia kuku nyuma yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mama alizilisha zote au za njano tu?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa nimekasirika."

"Pole. Lakini kamuulize," akasema. "Na jambo la pili. Mvua hii ya Oktoba imeosha udongo wote huku. Hizo zisizo na vinundu, ungezikuta hai kweli, baada ya siku zote hizo?"

Hasira hasara, na mimi nilikuwa nimeilipia yote.


Alhamisi, 24 Oktoba

Mama alikuwa anaosha vyombo, akainua ile chupa ya bluu. "Huyu mwanamke wa uji lazima tumrudishie. Alikuwa mnene kidogo, anachechemea. Alikuita Ekita. Nikadhani hajui jina lako."

Nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Kwa hiyo alijua. Labda alisikia dukani, labda kwa Mose. Alichemsha uji, akafunga safari hadi mjini kwa goti lile, akasimama mlangoni mwa wodi. Na Jumapili, nilipomfokea mbele ya watu, hakusema lolote kuhusu uji.


Jumapili, 27 Oktoba

Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hilo kwetu ni sheria, na kumbe kwao pia. Mama aliijaza chupa maziwa yenye iliki, akanifungia na chevda, vitafunio vyetu vya pilipili, kwenye karatasi, akaniambia nisirudi kabla huyo mwanamke hajaonja.

Nilimkuta anachuma chai kwenye kipande chake kidogo nyuma ya nyumba. Aliniona akaendelea kuchuma.

"Karibu," akasema, kama anavyomkaribisha afisa wa kilimo.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani kote. Yalipotea yote. Nikaweka chupa chini, nikainama, nikamgusa miguu kwa vidole halafu nikagusa kichwa changu, kama tunavyowafanyia wazee wetu tukikosa au tukiomba baraka. Aliruka nyuma, chai ikamwagika.

"Umeangusha nini?" akauliza, akiwa anaangalia chini naye.

"Sijaangusha kitu, mama. Ndivyo tunavyoomba msamaha kwetu."

Akaitazama miguu yake. "Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Sisi tunaomba kwa mdomo," akasema. "Lakini hata hii nimepokea. Sema sasa na ya mdomo."

Nikasema ya mdomo. Nilimwambia nilimkosea heshima mbele ya watu, na kwamba uji wake baba aliumaliza. Nililia, na yeye akanishika bega kwa mkono uliojaa harufu ya majani mabichi, akisema "mbuya, mbuya" kama ninavyomsikia akimwambia ng'ombe wake. Halafu tukaokota chai pamoja.

Ndipo nilipomweleza. Ilikuwa nimweleze Septemba. Nilimweleza habari za hodi na mizizi isiyosikia, na kwamba nilihitaji wa njano wabaki njano mpaka niwafunge uzi. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Mama, uliipa mbolea yote?"

"Yote ya nini?" Alishangaa kweli. "Mimi nilipatia ile ya njano. Mbona nimpatie yule ameshiba?"

"Na jani la mgomba?"

"Mvua ilikuwa inabeba mbolea. Nikiweka kifuniko kimoja cha soda, asubuhi imeenda. Ndio nikafunika."

Nilisimama pale na kikapu chake mikononi. Kila jani la mgomba lilikuwa limelala kwenye shina la mche wa njano. Alikuwa amewatambua viziwi wangu wote na kuwawekea alama, bila uzi wala mpango, na mimi nikaja nikazing'oa alama kwa mikono yangu.

Tulikwenda shambani. Mistari sita ya juu, upande nilioanzia kwa hasira, iko wazi kabisa. Majani yangu niliyoyatupa yako kwenye migomba, yamerundikana. Kutoka hapo kwenda chini, mahali nilipokuwa nimefika alipotoka nyumbani, majani bado yapo. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kila mche wenye jani. Mama Momanyi alikuwa anakata uzi kwa meno.

Kisha nikafika mistari miwili ya mwisho, kule ng'ambo ya migomba ambako shamba linateremka. Jumapili iliyopita sikufika huko. Kati ya miche ya kijani kulikuwa na vijiti. Vikavu, vyeusi kidogo kwa mvua, bila jani, bila ua. Nilivuta kimoja kikatoka bila kushindana. Mzizi mweupe, mtupu.

"Huko sikufika," akasema Mama Momanyi kutoka juu. "Ni mteremko. Goti ilikataa." Alikuwa anaviangalia vile vijiti. "Hizo ndio zilinisumbua roho. Nilikuwa naziona tu kutoka hapa."

Viziwi wote wa mistari ile miwili wamekufa, na mbegu zao pamoja nao. Hivyo ndivyo ningelikuta shamba zima kama angenitii. Nimekaa kwenye tope nikiwa na kijiti mkononi, na yeye akadhani nalilia kijiti, akanipa pole yake.

Alikunywa maziwa yote. Chevda alisema ina pilipili ya watu wenye moyo mgumu, akaendelea kula.


Ijumaa, 1 Novemba

Diwali. Baba amewasha taa ya kwanza akiwa ameketi. Mama amenipa boksi la peremende "la yule wa uji". Nimemfundisha kusema Gesare. Anasema Gesari.


Jumapili, 17 Novemba

Maganda yamejaa. Waliofungwa uzi wamebeba machache na mafupi, lakini wamebeba. Kwa mistari ile sita niliyoiharibu, Dkt. Anyona amesema ipo njia, ila ni ya jasho: nivune kila mche peke yake, nioteshe mbegu za kila mmoja kwenye mchanga na bakteria, nione ni watoto wa nani ambao wote hawasikii hodi. Kazi ya wiki nzima imekuwa kazi ya mwezi. Nastahili.

Mokua alipita akasema shamba limependeza. "Ni ya nani vile?" akauliza kwa uchokozi.

"Ni yetu," akajibu Mama Momanyi.


Jumapili, 8 Desemba

Tumevuna. Kila mche na bahasha yake. Mama Momanyi amekaa kwenye kigoda akipukuchua za uzi mwekundu peke yake, hakutaka niziguse. Mchana tulikula kutoka kwenye ile sufuria yangu, sote wawili. Nilimuuliza mbona hajipikii yake.

"Nimezoea hii," akasema.

Mbegu za viziwi zimeingia zote kwenye kibakuli kimoja cha mawe laini ya kuchonga ya Tabaka ambacho baba hutilia sarafu. Amezimwaga sarafu mwenyewe, akakipangusa kwa shati lake, akanipa.


Jumapili, 22 Desemba

Nimepanda kwenye trei juu ya paa. Mchanga wa mto, nimeuosha hadi maji yakatoka meupe, usiwe na chakula chochote. Bakteria nimewatia mimi mwenyewe. Sasa ni wao na mizizi.

Baba amepanda ngazi hadi juu kuja kuona. Hakulalamika.


Jumapili, 5 Januari

Trei nyingine kijani, nyingine zinapauka. Bado mapema. Mama Momanyi nimemwalika aje Jumapili ijayo tuzing'oe pamoja. Kila aliponunua mbegu kwetu miaka hii yote aliishia kaunta. Hajawahi kupanda kwetu juu, wala hakuna aliyewahi kumwambia apande.


Jumapili, 12 Januari

Alifika asubuhi na nguo ya kanisani, ingawa si Jumamosi. Nilimsikia mlangoni, "Hodi! Hodi hapa!" na mama akakimbia kutoka jikoni na unga mikononi, akamshika mikono yote miwili. Unga ukaenda kwenye nguo ya kanisani. Mama na Mama Momanyi wakaketi, wakaongea Kiswahili chao, kila mmoja na makosa yake, na wakaelewana kuliko ninavyoelewana na mama kwa Kigujarati. Mama alikuwa amepika uji wa wimbi. Aliuliza sokoni namna ya kuupika. Mama Momanyi aliuonja, akasema, "Mtu amejaribu."

Kisha tukapanda paani. Dkt. Anyona alikuwa ameshafika, na daftari lake. Nilianza na trei za uzi mwekundu. Nikang'oa mche wa kwanza, nikauosha kwenye ndoo, nikauinua juani. Mzizi mweupe, laini, mtupu kabisa. Wa pili mtupu, wa tatu pia. Nikang'oa wa kijani kutoka trei ya jirani ili Mama Momanyi aone tofauti: mzizi umejaa vinundu kama shanga. Nilikipasua kimoja kwa kucha, ndani chekundu.

"Hiki ndicho chumba cha wapangaji," nikamwambia.

Tuling'oa mpaka saa sita. Trei zote za uzi zilikuwa mizizi mitupu, Mama Momanyi hakuwa amekosea hata mche mmoja. Na kwenye ile mistari yangu sita tukawapata viziwi wengine, mmoja baada ya mwingine. Dkt. Anyona alijumlisha, pamoja na vile vijiti vikavu vya mteremkoni. Robo. Akafunga daftari akanipa mkono. "Andika sasa," akasema. "Mbegu unazo." Nilitaka kucheka nikajikuta nimemkumbatia Mama Momanyi, unga wa mama ukanihamia na mimi.

Dkt. Anyona alipoondoka aliniambia miche iliyobaki kwenye trei haina kazi tena, nimwage. Nikachukua ndoo ya takataka.

Mama Momanyi alikuwa ameshikilia mzizi mmoja mtupu kwenye kiganja.

"Kwa hivyo hii haijawahi kusikia?"

"Haisikii, mama. Imezaliwa hivyo."

"Hata wakibisha sana?"

"Hata wakibisha vipi."

Akaurudisha mche ule kwenye mchanga, akaukandamiza kwa kidole gumba usimame. Halafu akatazama trei zote, na ile michache ya njano iliyokuwa bado imesimama imeinamisha majani. Aliangalia na ndoo yangu.

"Na hizi," akauliza, "utazipatia lini?"

Nilishuka dukani. Baba alikuwa kwenye kaunta yake, amerudi kwenye kiti, anajifanya hachoki. Nikachota mbolea ya chai kwenye gunia lililofunguliwa, nikaokota kifuniko cha soda chini ya kreti ileile niliyokuwa nikisimama juu yake. Hakuniuliza ni cha nini. Nikapanda ngazi mbili mbili.

"Leo, mama," nikasema, nikampa kifuniko.

Akajifunga leso juu ya nguo ya kanisani, akainama, goti likalia. Akaanza na trei ya kwanza, akiwaruka walioshiba.